Intaneti Iliyoegeshwa Uani

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Nimepiga marufuku bando humu ndani. Baada ya chakula nilisimama katikati ya sebule nikatangaza kwamba kuanzia leo hakuna ruhusa ya kununua bando la simu, la siku wala la wiki, awe mkubwa awe mdogo. Tunanyonywa. Unaweka bando usiku, simu unailaza chini ya mto, asubuhi unaambiwa limekwisha. Nani kalila? Basi tutatumia intaneti ya gari.

Gari letu lina intaneti yake lenyewe. Dalali aliyeniuzia aliisifu mpaka povu likamtoka. Ile ya kuonjeshwa iliisha mwezi uliopita, na tangu hapo kioo kilicho karibu na usukani kinanidai kila nikiwasha. Leo nimelipia. Kifurushi cha mwezi mzima, simu zote, watu wote! Zimeingia pesa za bando za familia na pesa za kubadilisha oili. Oili itasubiri.

Mke wangu ameuliza kama waifai ya gari itafika chumbani. Nimemwambia asiwe na haraka. Binti yetu naye ameuliza, kwa upole wake ule, kama nina hakika, maana Ijumaa ana usaili wa kazi kwa njia ya video. Ni ile kazi ya maabara ya kupima maji, aliyoihangaikia tangu amalize chuo. Yeye alikuwa anaomba bando moja tu, la siku hiyo. Bando moja! Nimemsikitikia kwa kuwaza vidogo namna hiyo. Nimemwahidi atafanya usaili wake kama bosi, kwenye kiti cha ngozi. Si ngozi hasa, lakini kwenye video nani atajua.

Jumanne, 4 Machi

Waifai haifiki chumbani. Wala sebuleni. Inafika jikoni, ukisimama dirishani na kutoa mkono nje. Haya, nikarudisha gari nyuma mpaka karibu na dirisha. Taa moja ya nyuma imevunjika ukutani. Kitu kidogo.

Kuna jambo dalali hakulisema. Intaneti inafanya kazi injini ikiwa inanguruma tu. Zima injini, nayo inazima. Kwa hiyo mke wangu akitaka kusoma ujumbe wa dada yake, tunachoma petroli, na moshi wote unaingia jikoni. Leo mboga zilinuka gereji. Nilianza kupiga hesabu ya petroli kichwani nikaiacha katikati, haikuwa inaelekea pazuri. Mke wangu hajanisemesha tangu mchana.

Aliyefurahi ni mama mkwe peke yake. Anakaa nasi tangu alipofanyiwa upasuaji wa goti. Kaingia kiti cha nyuma na mto wake na chai yake, akaangalia tamthilia mpaka giza likaingia. Anasema kiti kile kinampumzisha goti na Mungu anibariki. Ningemwambia nini? Mkwe ni mkwe. Nimebaki naangalia mshale wa mafuta ukishuka.

Jumatano, 5 Machi

Jirani wa geti la buluu amechungulia juu ya ukuta. Mimi namwita Bwana Nyaya, kwa sababu nyumba yake ina intaneti ya waya na hajawahi kuacha kulitaja hilo. (Mke wangu anasema alilitaja mara moja, tena nilipomuuliza mwenyewe.) Aliuliza kama kuna tatizo, maana gari linanguruma tangu asubuhi na haliendi popote. Nikamjibu tuko mtandaoni. Kisha akasema amesikia binti ana usaili, na kama anataka pahali tulivu, sebule yao ipo, aje tu, asione haya.

Huruma! Mbele ya mama mkwe wangu! Nikamshukuru, nikamwambia sisi tuna intaneti inayotembea, siyo ya kufungwa kwa waya kama mbuzi. Akaangalia gari. Halijatembea tangu jana.

Nimelipiza. Nimebadilisha jina la waifai, sasa linasomeka GARI LANGU LINA INTANETI NYUMBA YAKO JE. Simu yake ikitafuta mtandao, atalikuta hilo. Nimeondoa na neno la siri kabisa, ili ajaribu, aone kasi, aumie. Binti akasema kuiacha wazi namna hiyo si vizuri. Nimemkumbusha kwamba mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha rangi. Katika nchi nzima hakuna mtu anayejua zaidi yangu kipi cha kufunga na kipi cha kuacha wazi.

Ijumaa, 7 Machi

Sina nguvu. Nitaandika hivyo hivyo.

Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Binti kavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nimetundika shuka nyuma ya kiti chake ili gari lisionekane. Tatizo likawa nyuma ya shuka, maana mama mkwe alikuwa ameshakaa. Nikakohoa. Nikazunguka gari. Nikafungua mlango wake nikasema joto limezidi humo, akasema yeye hasikii joto. Nikamwomba mke wangu azungumze na mama yake. Akajibu gari nimeleta mimi, kwa hiyo nizungumze mimi. Basi bibi akabaki, akaapa hatatoa sauti.

Wasaili walikuwa watatu. Binti akaanza kujieleza. Jamani! Nilikuwa nimechuchumaa nje chini ya dirisha, nikamsikia mtoto wangu akieleza habari za maji na vijidudu vyake kwa utulivu ambao hautoki upande wangu. Machozi yalinilenga. Msaili mmoja akauliza huo mngurumo ni wa nini, binti akasema ni jenereta ya jirani. Safi sana! Halafu, nyuma ya shuka, mama mkwe akamwonya mwanamke wa kwenye tamthilia, kwa sauti kubwa, kwamba huyo mwanamume ni mwongo na amwache leo leo.

Hata hilo wangelisamehe. Lakini picha ikaganda. Msaili wa katikati akabaki mdomo wazi. Kile kioo cha karibu na usukani kikaandika kwamba kifurushi kimekwisha.

Kifurushi cha mwezi! Nikainuka. Ndipo nikaona, upande wa pili wa ukuta, vijana wa mtaa mzima wameegemea na simu mkononi, wanauliza kuna nini, mbona filamu zimekatika. Nikamtafuta Bwana Nyaya kati yao. Nilimtafuta vizuri. Hakuwepo. Hata kujaribu hakujaribu!

Nikamwambia binti atulie, nalipia sasa hivi. Ili kulipia ni lazima uingie mtandaoni. Ili kuingia mtandaoni ni lazima uwe na bando. Na ndani ya nyumba hii hakuna simu hata moja yenye bando, kwa amri yangu mwenyewe. Nilikimbia dukani na kandambili. Niliporudi, wasaili walikuwa wameshaondoka na binti alikuwa anakunja shuka.

Hakunipigia kelele. Alisema tu kwamba aliniomba bando moja. Kisha akaingia ndani. Heri angepiga kelele. Moyo unaniuma, na nimeshindwa kula.

Jumapili, 9 Machi

Wamekubali kumsaili binti mara ya pili! Aliwaandikia akawaomba sana, nao wamempa Jumanne, nafasi ya mwisho kabisa. Mke wangu ndiye aliyeniambia. Binti mwenyewe ananisalimia na kupita.

Nimefikiri siku mbili na tatizo nimeliona. Kifurushi kilikuwa kidogo. Basi. Tunahitaji kile kikubwa kuliko vyote, cha mwaka. Pesa sina. Lakini nilipokuwa nimekaa uani naliangalia gari, akili ikafunguka. Intaneti inataka injini. Injini inataka petroli. Matairi je, yanataka nini? Hayafanyi kazi yoyote pale, yamekaa tu! Nimempigia dalali. Anayachukua kesho, na la akiba pia.

Mke wangu ameniona nabeba matofali. Nimemwambia aniamini. Ameingia chumbani akafunga mlango kwa ufunguo.

Jumanne, 11 Machi

Niliandaa kila kitu. Gari juu ya matofali, limetulia kuliko meza. Kifurushi cha mwaka. Neno la siri refu mpaka mimi mwenyewe nililikosea. Petroli ya kutosha. Kiti nimekifuta kwa kitambaa chenye sabuni. Kazini nimesema naumwa tumbo.

Binti akatoka na shati lake jeupe. Nikamfungulia mlango wa gari. Akasimama, akaweka mkono begani kwangu, akasema, “Baba, asante. Usinikasirikie.” Akatoka getini. Akaingia geti la buluu. Nyuma yake mke wangu. Nyuma ya mke wangu mama mkwe, anachechemea na mto wake kwapani, hata yeye!

Nikaingia garini nikakaa kiti cha binti. Intaneti ilikuwa juu ajabu. Kila kitu kinafunguka kabla hujamaliza kubonyeza. Sikuwa na kitu cha kufungua. Nililia kidogo, nikafunga vioo wasisikie.

Jumatano, 12 Machi

Amepata! Wamempigia leo asubuhi. Nimeruka mpaka nikagonga kichwa kwenye mlango wa gari. Mtoto wangu ana kazi!

Anaanza Jumatatu. Maabara iko mwisho kabisa wa mji, na alfajiri hakuna usafiri wa kufika huko. Mke wangu akauliza nani atampeleka. Wote wakageuka wakaangalia uani, kwenye matofali. Kisha binti akasema, kwa sauti ya chini, kwamba jirani wa geti la buluu ameshajitolea.

Hapana! Hapana kabisa! Binti yangu, siku yake ya kwanza kazini, ashushwe na Bwana Nyaya? Atashushwa na baba yake. Nimekaa garini mchana kutwa nimewaza, na kosa langu nimelikiri. Niliuza kitu kinachoonekana. Matairi kila mtu anayaona.

Nimezungumza na dalali. Yuko tayari kunirudishia matairi yote, hata la akiba, na badala yake anachukua injini. Imefichwa chini ya boneti, nani atajua? Anakuja Jumamosi watu wa nyumbani wakiwa sokoni. Sijamwambia mtu. Nataka Jumatatu alfajiri nimfungulie binti mlango, apande, nione uso wake.