Kufuli la Pasaka

Jumatano, 12 Aprili 1995. Mafiga.

Filomena ametamka leo akichambua mchele, bila hata kuinua uso. Pasaka hii meza iwe ya watu wawili, yeye na mimi. Akiona kiti cha tatu, Pasaka zote zijazo atakula kwa mama yake Mkuyuni, nami nibaki na wageni wangu. Mke wangu hatishi ovyo. Niliogopa.

Ana haki. Desturi ni yetu tangu 1984, Pasaka ya kwanza ya ndoa, enzi za foleni ya sukari. Tulikuwa na yai moja. Nililichemsha mimi, nikalikata kwa uzi, tukala kwa mshumaa kwa kuwa mafuta ya taa hayakupatikana. Tangu hapo kila Pasaka jioni napika mimi, yeye anakaa. Sasa biashara imelegezwa, maduka yamejaa, na wageni nao wamejaa. Mwaka jana tulikuwa kumi na tisa. Filomena aliumwa shingo kwa kuwapakulia.

Adui mkuu ni Salum, fundi cherehani, jirani ukuta kwa ukuta. Mnyamwezi wa Tabora. Mimi Mluguru, kwa hiyo ni mtani wangu. Mtani huingia bila hodi, hufunua sufuria, huchukua paja, nawe huruhusiwi kununa. Babu zetu walikubaliana hayo bila kuniuliza.

Nina mpango. Kiwanda kule Kihonda kimenipunguza tangu Januari. Akili ina nafasi.

Alhamisi Kuu, 13 Aprili.

Nimenunua kufuli la Kichina, zito kama jiwe la kusagia. Tunaaga kwamba Jumamosi tunakwenda Mkuyuni. Kufuli mlango wa mbele, sisi tunarudi kimyakimya kwa mlango wa uani. Nani atapiga hodi kwenye kufuli? Nimenunua pia tambi za kutoka nje, mshumaa mwekundu na jogoo.

Filomena aliuliza kama hatuwezi tu kuwaambia watu wasije. Nilimsikitikia. Hajui siasa.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili.

Nilikwenda kuungama. Nikaomba niondolewe mapema dhambi ya uongo wa kesho. Padri akasema dhambi huungamwa ikishatendwa. Utaratibu mbovu.

Jioni nikamuaga Salum. Alipokea kwa uzito usio wa kawaida. Akaapa kuilinda nyumba usiku na mchana, maana mali ya mtani wake ni ya kuibiwa na yeye peke yake. Tena alishanisaidia: habari za safari yetu alizisikia kwa Filomena asubuhi, akamtuma Anastasia muuza mboga akampashe shemeji yangu Severin kule Mkuyuni kwamba tunakuja. Nikashukuru. Sasa na Mkuyuni wanatusubiri.

Jumamosi, 15 Aprili.

Salum alitubebea kikapu hadi stendi. Nikamwambia arudi. Hakurudi. Alisimama mpaka basi likaondoka, akipunga mkono. Ikabidi tupande kweli, tukashuke Bigwa, turudi kwa miguu kupitia mashambani. Mvua. Viatu vyeupe vya Filomena sasa si vyeupe. Alivibeba mkononi kutoka Bigwa mpaka Mafiga, na si karibu.

Lakini tumo ndani! Hakuna aliyetuona ila jogoo.

Jumapili ya Pasaka, 16 Aprili.

Jogoo nilimwacha hai ili nyama iwe mbichi. Kosa dogo. Saa kumi na moja alfajiri akawika, mara nne, chumbani. Nikamsikia Salum ng'ambo ya ukuta akimwambia mkewe Semeni kwamba mwizi ameingia kwangu. Semeni akamuuliza mwizi gani huingia na jogoo. Mungu ambariki yule mama. Misa tuliisikiliza redioni, sauti chini.

Jioni nikamchinja jogoo, nikaingiza jiko la mkaa chumbani, nikaziba madirisha kwa mablanketi. Filomena alivaa gauni la bluu. Nikawasha mshumaa. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu Bigwa, akasema harufu hii imelishinda yai. Nilifurahi kweli. Nilitaka niikumbuke dakika ile.

Ilikuwa dakika moja. Mafuta yalishika moto kwenye sufuria, moshi ukatokea chini ya bati, na Salum akapiga yowe kwamba nyumba ya mtani wake Anselmi inaungua. Mtaa mzima ukaja. Kufuli lilistahimili. Mlango haukustahimili. Ndoo ya kwanza ikaenda kwenye jiko, ya pili kwenye tambi.

Salum aliutazama mshumaa, sahani mbili, gauni la bluu, na mimi nimeshika uma. Nilisubiri matusi. Akavuta kiti changu, akaketi, akasema faini ya kumdanganya mtani hulipwa ikiwa ya moto. Akachagua paja. Wengine wakafuata.

Kisha akaingia Severin, ameloa. Akasema kule Mkuyuni wametuchinjia mbuzi. Mama mkwe hajagusa chakula tangu asubuhi, anasubiri wageni. Filomena alivihesabu viti kimoja kimoja. Nilishindwa kumtazama.

Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili.

Filomena ameondoka na Severin kwenda kumwomba mama yake radhi. Pale ulipokuwa mlango akaniwekea kitu mkononi. Nusu ya yai la kuchemsha, limekatwa kwa uzi. Nusu yake alikwisha kula jikoni, amesimama, peke yake. Akasema Pasaka ijayo ni kwa mama yake, isipokuwa nikimjia Jumamosi hii na neno la kweli. Tena Semeni amemwambia kwamba wangeombwa waje Jumatatu, wangekuja Jumatatu, basi.

Nilikula yai. Machozi yalinitoka, sifichi. Nikatafakari sana hadi nikaliona kosa. Kosa lilikuwa kufuli. Watu hawaogopi kufuli. Watu wanaogopa ugonjwa.

Mchana Salum alikuja kunigongea mlango mpya, bure, huku akinicheka. Nilimshikia misumari. Nikamuuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, iwapo amewahi kuugua tetekuwanga. Akasema bado, na anaiogopa sana.

Vizuri.