Chupa Mbili za Njano

Kwenye benchi la kahawa la Mama Kahawa, habari ilitoka kwenye simu ya kinyozi, yule wanayemwita Profesa kwa sababu husoma taarifa kwa sauti hata akiwa na wembe mkononi. Kiwanda cha sabuni kimeacha kuuza sabuni ya chupa. Mteja aje dukani na chombo chake, ajaziwe, aende zake.

"Wamechelewa," alisema Bosi, mwenye duka, akipuliza kahawa. "Mimi nina mapipa yenye bomba tangu Jumatatu. Sabuni huku, mafuta ya kupikia huku. Nimeokoa mazingira."

"Mazingira gani?" alisema Profesa. "Umechoka kupanga chupa."

"Muulize Fundi Viatu. Asubuhi nimemjazia mbili."

Fundi Viatu alijiweka sawa kwenye benchi. Leo mama mkwe wake alikuwa anakuja kula kwake kwa mara ya kwanza tangu harusi, mwaka wa sita huu. Tangu siku ya posa mama huyo hakuacha kusema kwamba bintiye kaolewa na mtu asiye makini. Alfajiri Fundi alikuwa ameiombea siku hii, magoti sakafuni.

"Nyie mnaongea, mimi natenda," alisema. "Chupa mbili za maji, za kuokota. Nimezisugua mpaka zikang'aa, karatasi zote nimebandua. Moja mafuta, moja sabuni. Nimeziacha jikoni kwa mke wangu."

"Sabuni ya Bosi rangi gani?" aliuliza Mama Kahawa, macho yakiwa kwenye birika lake.

"Njano."

"Na mafuta?"

Fundi alikunywa kahawa taratibu sana.

"Ya kushoto ndiyo mafuta," alisema.

"Kushoto kwako," alisema Profesa, "au kushoto kwa shemeji anayeingilia mlango wa nyuma?"

Simu ya Fundi iliita. Akaipokea kwa spika.

"Baba watoto," ilisema sauti ya mkewe, "vitunguu vinatoa povu."

"Zima jiko. Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa, kakaa chini kwa kucheka."

Fundi alikisikia kicheko chenyewe, kinene, kinakohoa kidogo. Miaka sita hakuwahi kukisikia.

"Anasemaje?"

"Anasema hajawahi kuona sufuria inayojiosha huku inapika. Uje na chakula. Ila kiwe kwenye kitu chenye maandishi."

Fundi alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akaweka kikombe chini, akamnyooshea Profesa mkono.

"Nipe kalamu."