Kidole Gumba na Kitana cha Rosaria

Jumatatu, 6 mwezi wa nane, 1956
Fanwell amerudi Nchelenge kutoka Elisabethville. Viatu vya rangi mbili! Na kidude chekundu cha kupigia nyuzi za gitaa, kama ukucha. Anakiita mediatori. Watu wamekizunguka kama mutoto mchanga. Rosaria alikishika, akacheka. Mimi miaka yote napiga kwa kidole gumba na cha shahada. Jumamosi kaka yake Rosaria, Goodson, anaoa, na mpiga gitaa ni mimi. Siku hiyo nilipanga kumwambia Rosaria neno langu. Kwa kidole kitupu? Awe, hapana! Lazima nipate mediatori.

Jumanne, tarehe 7
Nimemwomba Fanwell anikopeshe yake. Amekataa kwa upole, ndio unaouma. Akaniomba nimwoneshe gumba langu linavyotembea kwenye nyuzi nene. Nikamwonesha ili aondoke. Kisha nikajaribu gamba la samaki. Lililainika kabla wimbo haujafika kati. Paka watatu walinisindikiza nyumbani.

Jumatano, tarehe 8
Kipande cha kwato la mbuzi. Kigumu! Uzi ukakatika. Nikachomoa waya wa breki kwenye baiskeli ya Ngosa, mchuuzi wa samaki. Nilikusudia kumwambia, lakini alikuwa ameshaondoka na mzigo. Mchana tukasikia yuko majini kule Kabuta, yeye na samaki wake. Mzima, lakini. Nilisikitika kweli. Waya unalia vizuri.

Alhamisi, tarehe 9
Rosaria ana kitana cha kijani alichoachiwa na marehemu mama yake. Nimekiazima, nikasema nywele zimenishinda. Nikakata kona tu. Kikapasuka chote! Lakini ile kona inapinda, inalia, tamu! Jioni ametuma mutu kukiulizia, anataka kuchana nywele za harusi. Nimejibu kwamba nakiosha.

Jumamosi, tarehe 11
Sitaki kuandika. Naandika.
Mediatori yangu inagusa uzi mmoja mmoja tu. Ile besi ya gumba inayowainua akina mama haikuwepo. Bibi Kasonde, nyanya yake Rosaria, akauliza kwa sauti nitamaliza lini kukaza nyuzi. Goodson akaninyang'anya gitaa, akampa Fanwell. Fanwell akatia kidude chake chekundu mfukoni! Akapiga kwa gumba na shahada. Mtindo wangu, niliomwonesha Jumanne! Vumbi likatimka.
Rosaria akanijia, kitambaa kichwani. Akaona ile kona ya kijani vidoleni mwangu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema kila jioni alikuwa akipita njia ya kwetu makusudi, asikie gumba langu. Akasema kitana kile mama yake alikishika kila asubuhi. Nilitaka kusema nisamehe. Nikasema kitana chenyewe kilikuwa cha ovyo. Mayo! Mdomo gani huu?

Jumapili, tarehe 12
Sikula. Kanisani Rosaria hakugeuka hata mara moja. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu wamekuja pacha. Nilikaa ufukweni na gitaa nikalia, sioni aibu kuandika.
Machozi yalipokauka nikaona kosa lilikuwa wapi. Kitana kilikuwa chembamba mno! Bibi Kasonde ana kitana cha pembe, kinene. Kesho nitapita kumsalimia. Nitasema nywele zimenishinda.