Bendera Haijafika Chini

Kisa kilianza na gazeti. Pale Majengo, Nyeri, benchi ya kibanda cha chai cha Gathoni haikosi gazeti, hata kama ni la juzi, na anayelisoma kwa sauti ni Mzee Abdulatif peke yake. Huyu ni fundi cherehani, ila kila mtu humwita Hakimu, kwa sababu hakuna kesi iliyowahi kufika kwenye benchi ile akaiacha iondoke bila hukumu, iwe ya mume na mke au ya kuku aliyetaga kwa jirani. Jioni hiyo, saa kumi na moja na nusu, alisukuma miwani juu ya pua, akakohoa kidogo ili watu washike adabu, akasoma.

"'Kaunti yanunua mlingoti wa kisasa. Bendera sasa itapanda na kushuka kwa kubofya rimoti, wala haitajizonga tena.'" Akashusha gazeti. "Haya. Semeni."

"Rimoti!" akaruka Munene, mwendesha bodaboda anayeitwa Turbo ingawa pikipiki yake hupitwa na mbuzi kwenye mlima wa Ruring'u. "Hii serikali itatuua na kicheko! Barabara hakuna, dawa hakuna, lakini bendera iko na rimoti!"

"Na stima ikipotea?" aliuliza Gathoni, akigeuza chapati kwa vidole vitupu. "Ati italala huko juu na hiyo baridi yote ya mlima?"

"Watainunulia sweta," alijibu Turbo.

Benchi nzima ikacheka isipokuwa mtu mmoja. Mukhtar alikuwa amekaa mwishoni, ameshika kikombe cha chai iliyopoa. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma na kutengeneza baiskeli, na jina lake la kijiweni ni Injinia. Alipewa miaka tisa iliyopita, siku alipotengeneza mashine ya kukamua miwa kwa vyuma vya kitanda. Tangu hapo mambo yalimwendea kombo. Mashine yake ya kufukuza ndege mpungani aliipeleka mpaka Mwea, na ndege waliiogopa siku mbili, ya tatu wakajenga kiota ndani yake. Ndipo Hakimu alipotoa hukumu: Mukhtar apewe nafasi moja ya mwisho, na akishindwa tena anyang'anywe jina la Injinia, aitwe Kwama mpaka kufa.

Wengine walilichukulia jambo hilo kama mzaha. Mukhtar hakuweza. Chuo cha ufundi hakumaliza, cheti cha kutundika ukutani hana. Ana jina hilo tu, na analipenda kuliko anavyoweza kumweleza mtu.

"Kwa nini mwende mbali na magazeti?" alisema, akinyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye kambi ya chifu. "Si mashine yangu ndiyo ile? Asubuhi ilipanda ama haikupanda?"

Wote wakageuka. Juu ya mlingoti bendera ilikuwa imekunjuka inapepea kwa raha zake. Chini yake kulikuwa na gurudumu la nyuma la baiskeli, mnyororo, betri, na mota ndogo iliyofunikwa kwa kopo la rangi.

"Ilipanda," alikiri Turbo. "Tusidanganyane, ilipanda safi kabisa. Madam Chifu alibonyeza hivi, ikaenda zzzzz mpaka juu. Nilitaka kupiga makofi nikaogopa kushikwa."

"Kupanda si kazi," ilisema sauti nzito. Huyo alikuwa Nderitu, askari wa utawala aliyestaafu, ambaye wote humwita Afande. Ana miaka sitini na minane na kifua chake hakijapata habari kwamba kimestaafu. "Kazi ni kushuka. Mimi nimevuta kamba ya bendera miaka ishirini na saba, kambi nne. Bendera inapanda mbio, inashuka pole pole, kwa heshima. Hiyo heshima utaiweka kwa betri?"

"Na ile ya Jamhuri Dei, Afande?" Mukhtar alimrukia. "Si ilijizonga kwa mlingoti, ikabidi mkaitoe na ndoano ya kuchumia avokado, mbele ya wageni?"

"Ilikuwa upepo."

"Basi mimi huo upepo nimeumaliza! Kila ncha ya kamba nimeweka beringi. Upepo ukigeuka, bendera inageuka nao. Haiwezi kujizonga hata ikitaka."

"Na hiyo mota umetoa wapi?" aliuliza Gathoni.

"Ni ya waipa. Ya pikapu ya Kinuthia, marehemu."

"Uuui! Kinuthia alikufa lini?"

"Pikapu ndiyo marehemu. Kinuthia yuko Karatina anauza viazi."

Gathoni akacheka mpaka akashika meza. Afande akamiminiwa chai ya tatu, akainywa kwa kiburi, akasema yeye hana la kuongeza, atangoja saa kumi na mbili bendera ishuke ndipo azungumze. Hakimu naye akakunja gazeti, akaliweka mapajani kama faili la kesi.

"Mahakama inakumbusha," alisema. "Ikishuka sawasawa, huyu ni Injinia, na asiulizwe tena hapa duniani. Isiposhuka, ni Kwama."

"Itashuka," alisema Mukhtar.

Sasa, mbele ya kambi ile sheria ni moja, na hata mbwa wa Majengo wanaijua. Filimbi ya kwanza ikilia, bendera imeguswa, na kila kiumbe kinasimama palepale kilipo. Hakuna kusogea, hakuna kukaa, mpaka bendera ifike chini na filimbi ya pili ilie.

Saa kumi na mbili kamili, filimbi ya kwanza ikalia.

Barabara nzima ikaganda. Wanawake wawili wenye madebe ya maji wakasimama katikati ya njia. Muuza ndizi akasimama na ndizi aliyokuwa anamkabidhi mteja, mteja naye na mkono aliokuwa anapokelea. Turbo, aliyekuwa anataka kupanda pikipiki, akabaki na mguu mmoja chini na mwingine hewani. Gathoni aliinua mikono kutoka kwenye kikaango ikabaki juu. Afande alikuwa amesimama zamani, saluti usoni, kifua mbele.

Ng'ambo, Chifu Monicah alinyoosha rimoti, ya geti kuukuu ambayo Mukhtar aliiunganisha na mota, akabonyeza.

Mota ikalia zzzzz. Halafu ikaanza sauti nyingine: tik-tik-tik-tik-tik. Bendera haikutikisika.

Akabonyeza tena. Tik-tik-tik-tik. Akaipiga rimoti kwenye kiganja, kama watu wanavyofanya na ya televisheni, akabonyeza kwa vidole viwili. Tik-tik-tik. Kando yake askari Hezekiah alikuwa amepiga saluti, filimbi mdomoni, macho juu, akingoja kitu ambacho hakiji.

"Injinia," alinong'ona Turbo bila kufungua meno, "hiyo ni sauti ya nini?"

"Ya kawaida."

"Buda, mimi nimeendesha baiskeli tangu nikiwa darasa la pili. Hiyo ni sauti ya baiskeli ikiteremka bila kukanyagwa."

Mukhtar alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye viatu. Alikuwa ameshaijua kabla Turbo hajasema. Gurudumu la nyuma la baiskeli huvutwa na mnyororo kwenda mbele tu. Ukikanyaga kinyume linakuitikia tik-tik-tik, haliendi popote. Fundi wa baiskeli, miaka ishirini na mbili kazini! Nyumbani aliijaribu mashine hiyo mara mia kwa leso ya mkewe. Kila mara ilipanda vizuri, akafurahi, kisha akatoa mnyororo, akaivuta chini kwa mkono bila kufikiri, kama mtu anavyoanua nguo. Alikuwa ametengeneza mashine inayojua kupanda tu.

"Imekataa kushuka," alisema Gathoni, mikono bado juu.

"Kimya!" alinguruma Afande. "Bendera haijafika chini!"

Dakika tano zikapita, zikawa kumi. Chapati ikaanza kutoa moshi.

"Afande, chapati yangu inaungua! Si uniache nigeuze tu?"

"Usiguse!"

"Kwani bendera inaona chapati?"

"Serikali inaona!"

"Serikali ingekuwa inaona," alisema Turbo, mguu wa hewani ukimtetemeka, "ingeona huu mguu. Lakini mnashangaa nini? Kenya kitu ikipanda imeshuka lini? Unga ilipanda, ikashuka? Petroli ilipanda, ikashuka? Sasa ni zamu ya bendera."

"Na yule mheshimiwa wetu?" alidakia Gathoni. "Tulimpandisha na kura zetu, akatuambia atashuka atusalimie."

"Huyo pia anafanya tik-tik-tik tu huko juu!"

Benchi ikacheka bila kusogea, na kucheka bila kusogea ni adhabu. Matumbo yakaruka, machozi yakatiririka, na hakuna aliyeweza kuyapangusa. Ng'ambo ya barabara muuza ndizi akaambukizwa, kisha wale wanawake wa madebe, maji yakawa yanawamwagikia shingoni na wao wamesimama wima kwa heshima zote za taifa.

Wakati huo akaja mbuzi. Yeye peke yake katika Majengo yote hakuwa mzalendo. Alipita katikati ya watu taratibu, akafika kwa Hakimu, akalitazama gazeti lililoanguka miguuni pake, akaanza kula ukurasa wa mlingoti wa kisasa.

"Mbuzi huyu ni wa nani?" aliuliza Hakimu kwa huzuni. "Anakula ushahidi."

Mukhtar hakuweza kuvumilia tena. "Afande, mzee wangu, nipe hatua ishirini tu. Natoa mnyororo, nazungusha gurudumu kwa mkono, inashuka."

"Ukisogea unadharau bendera."

"Nisiposogea itashuka lini?"

"Hiyo si swali yangu. Anayetengeneza amesimama, anayepiga filimbi amesimama. Sheria ni sheria."

"Basi tutakesha hapa!"

"Tukeshe."

Lakini alilisema hilo neno kwa sauti nyembamba kidogo. Turbo, ambaye hakuwa na la kufanya ila kutazama, akamtazama. Jasho lilikuwa linamtoka Afande kwenye kipaji, na baridi yote ile. Magoti yake yalikuwa yamebanana.

"Afande," aliuliza Turbo kwa upole mkubwa, "ile chai ulikunywa vikombe ngapi?"

"Kimya!"

"Tatu," alisema Gathoni. "Mimi ndiye nilimwaga... nilimimina. Zilijaa mpaka juu."

"Gathoni, tafadhali usitaje kumwaga," alisema Afande, na sasa sauti ilikuwa imebanwa kweli. Akafumba macho. Akapumua kwa pua. "Kuna... kifungu kimoja. Mtu wa mlingoti anaruhusiwa kutembea."

"Mtu gani wa mlingoti?" aliuliza Hakimu, masikio yakimsimama.

"Afisa wa bendera. Chifu. Na mtaalamu wa mlingoti, kama kambi iko na mtaalamu."

"Kambi iko naye?"

Afande akazidi kubana magoti. Tik-tik-tik, ilisema mashine.

"Maana," Hakimu aliendelea bila haraka yoyote, "hatuwezi kumruhusu mtu avuke hivi hivi. Mtaalamu hutajwa kwa cheo. Kwama hawezi kukaribia bendera ya taifa. Lazima mkubwa wa itifaki hapa, ambaye ni wewe, atamke."

"Hakimu, nitakufa."

"Tamka, ndugu yangu."

Turbo akaanza kupiga mluzi wa maji yanayotiririka. Afande akafumbua macho, akavuta hewa, na kwa ile sauti ya gwaride iliyowahi kutikisa kambi nne, akapaaza mpaka msikitini wakasikia:

"Injinia Mukhtar! Mbele... tembea!"

Mukhtar akanyoosha shati. Akatembea. Hatua ishirini, kila mtu wa Majengo amesimama wima, kila jicho kwake, hakuna anayesogea. Hakuwahi kuvaa joho maishani, hakuwahi kuitwa jina lake mbele ya umati, na alijua kwamba hata angesoma miaka kumi asingepata mahafali makubwa kuliko haya. Alipiga saluti mbele ya chifu, ya kukosea mkono, akapiga goti, akatoa mnyororo. Kisha akaanza kuzungusha gurudumu kinyume kwa mkono wake mwenyewe, taratibu.

Bendera ikashuka. Upepo wa mlima ukaipiga kulia, ikageuka kulia. Ukaipiga kushoto, ikageuka kushoto. Beringi zilizunguka kimya kimya. Haikugusa mlingoti, haikujikunja hata pembe, na Hezekiah akaipokea mikononi ikiwa imetandazika yote.

Filimbi ya pili ikalia, na Afande akaondoka kuelekea choo cha nyuma kwa mwendo ambao hakuna aliyejua bado anao.

Aliporudi, uso umetulia kama wa mtoto aliyelala, alikuta benchi imejaa, chifu mwenyewe amekuja, na Gathoni ameinua juu chapati nyeusi kama sahani ya santuri.

"Mahakama imekaa," alisema Hakimu. "Mashine haikushusha bendera. Hukumu inajulikana."

"Ngoja kwanza, Hakimu," alisema Gathoni. "Afande amemuita Injinia mbele ya Madam Chifu. Si hiyo sasa ni ya serikali?"

Wote wakamgeukia Afande. Mukhtar alitazama mikono yake yenye grisi. Hakuthubutu kumtazama yeyote.

"Ulisema, ama hukusema?" aliuliza Hakimu.

"Nilisema."

"Ulisema kwa sababu ya chai. Unaondoa?"

Afande alitazama mlingoti mtupu. "Chai ilinifanya niseme," alijibu. "Lakini nilisimama pale nimebanwa, nikaiona mpaka ikafika chini. Miaka ishirini na saba, sijawahi kuona bendera ikishuka safi hivyo. Siondoi."

Turbo alipiga yowe la furaha mpaka mbuzi akakimbia na nusu ya gazeti. Chifu Monicah akasema mashine ibaki, ipandishe kila asubuhi, na jioni Afande awe anakuja kushusha kwa mkono, kwa ile heshima yake, kama hana kazi nyingi. Afande alisema atatazama ratiba, kifua kikiwa kimeshavimba tayari.

"Basi mahakama inarekebisha hukumu," alitangaza Hakimu. "Kuanzia leo huyu ataitwa kwa jina lake kamili: Injinia wa Kupanda Tu."

Benchi ikaanguka kwa kicheko. Gathoni akalia, Turbo akalala chini, Afande akampiga Mukhtar mgongoni mpaka chai yake iliyopoa ikamwagika nusu. Mukhtar alikunywa iliyobaki, akitabasamu peke yake. Katika jina hilo refu lote, alikuwa amesikia neno la kwanza tu.