Tulikuwa Wawili: Kuhusu Mgongo wa Chapuchapu

Kwa Meneja wa Nyumba ya Wazee,
Ofisi ya ghorofani, mlango wenye pazia.

Mwanangu Meneja,

Marahaba. Naitikia mapema, maana najua salamu yako iko njiani tangu mwezi uliopita, ni ngazi tu zinaichelewesha.

Mimi ni yule bibi wa chumba cha chini, kitanda cha karibu na mlango, mwenye sauti. Shule sikuiona hata paa lake, kwa hiyo barua hii inaandikwa na jirani yangu wa kitanda cha dirishani. Yeye alikuwa karani maisha yake yote, na ndiye aliyesema malalamiko yasiyo na namba hayaendi popote. Nimemwambia namba aweke, lakini maneno asiyapake poda.

Jambo lenyewe unalijua. Chapuchapu, mhudumu wetu wa asubuhi, tuliyempa jina hilo kwa mwendo wake, aliumia mgongo akininyanyua kitandani anipeleke kuoga. Sasa yuko kwao, kalala sakafuni kama ubao, na akitaka kugeuka mpaka aite mtu. Ameomba fidia ya kuumia kazini, apate matibabu, na wanawe wapate kula. Wewe ukaja mpaka mlangoni kwetu, ukasimama na funguo za gari mkononi, ukasema: "Kanuni ya usalama inataka mzee anyanyuliwe na watu wawili. Yeye alinyanyua peke yake. Kavunja kanuni, kajiumiza mwenyewe." Ukaondoka. Na tumesikia Ijumaa kamati inakaa kulifunga shauri hilo. Basi nami nasema kabla halijafungwa, maana likishafungwa nani atanipa ufunguo?

Lalamiko la kwanza. Hiyo kanuni naijua, imebandikwa ukumbini. Maandishi siyajui lakini picha nazisoma. Kuna vijana wawili wenye mabega, wamemshika mzee mmoja huku na huku, na wote watatu wanacheka. Mwanangu, nimeuliza humu ndani kila mwenye mdomo: hawa wawili wanaingia zamu gani? Mpishi hawajui. Mlinzi hajawahi kuwafungulia geti. Asubuhi chumbani kwetu anaingia Chapuchapu, chumba cha pili anaingia Chapuchapu, na cha tatu, usishangae, Chapuchapu. Kama hao vijana mmewaajiri, basi mnawalipa kwa kucheka ukutani. Wabandueni waje wanyanyue.

Lalamiko la pili. Friji. Juzi lilipoletwa friji jipya la jikoni nilikuwa nimekaa barazani, nikaona kwa macho yangu. Walikuja wanaume wanne, mikanda mipana viunoni, glovu mikononi, na wa tano hakubeba chochote, kazi yake ilikuwa kusema "taratibu, taratibu, kona hiyo!" Sanduku limechorwa mshale kuonyesha juu ni wapi. Mimi nina wajukuu. Nimezaa, nimelea, nimezika. Nikatengewa msichana mmoja na kandambili. Sijalionea friji wivu, najua ni ghali. Naomba tu na mimi nichorwe mshale, maana kuna asubuhi hata mimi juu sijui ni wapi.

Lalamiko la tatu, nalo ndilo lenyewe, kaa vizuri kwenye kiti. Unasema alikuwa peke yake. Mimi nilikuwa wapi? Nilikwenda sokoni? Sisi tuna utaratibu wetu wa kazi, na hauko ukutani. Anainama, ananiambia, "Bibi, shika shingo." Nashika. "Mguu mzima uko wapi?" Huu hapa. "Haya, nikisema tatu, wewe sukuma, mimi nivute. Na leo usinipigie kelele sikioni, jana nilikwenda nyumbani kiziwi." Nasukuma, anavuta, nainuka. Gari likikwama, abiria wakashuka wakasukuma, dereva hawezi kusema kalitoa peke yake. Basi tulikuwa wawili. Mmoja wa kunyanyua na mmoja wa kunyanyuliwa, lakini kazi ni moja na jasho ni la wote. Kanuni yako haikusema yule wa pili asiwe ndiye mzigo wenyewe. Nimemuuliza Bi Karani mara mbili, kasema kweli haikusema.

Lalamiko la nne. Kama tulikuwa wawili, na wanaonyanyua humu ni wafanyakazi, basi mimi ni mfanyakazi wako tangu siku niliyoletwa hapa, na hujaniambia. Nadai yafuatayo. Aproni ya bluu, ile yenye mfuko mkubwa, maana nina peremende. Viatu visivyoteleza, na nikivipata mimi apate na Chapuchapu, hatuwezi kuvaa tofauti watu wa zamu moja. Nadai chai ninywe na wenzangu kule nyuma. Ya kwao ina sukari, ya kwetu haina, mmeiandika kama dawa. Na nadai likizo. Nitakwenda kupumzika kwa dada yangu, nikanyanyuliwe na watu wengine.

Lalamiko la tano. Na mimi pia niliumia kazini. Mgongo wake ulipolia "ka!" alikwenda chini, nami nikamfuata, nikamwangukia yeye. Ndiyo maana sikuvunjika: alikuwa godoro langu. Lakini nilishtuka sana, kwikwi ilinishika mpaka mchana. Sijui kwikwi ina fidia ya namna gani. Iwe ya namna yoyote, apewe Chapuchapu, mimi imeshaniachia.

Lalamiko la sita halikuwa langu, limetoka chumba cha tatu. Mzee wa huko tunamwita Kamanda, kwa sababu hata uji anauamrisha upoe. Aliposikia naandika, akapaza sauti kutoka hukohuko: "Mwambie na mimi! Mimi nashikwa chini ya makwapa, natoa amri, 'Inua! Shusha! Polepole we mtoto!' Huyo si mfanyakazi, huyo ni msimamizi!" Ana haki. Na nyuma yake wamejitokeza wote, hata yule bibi asiyesema, kainua kidole. Kwa hiyo, mwanangu, humu ndani sasa wote ni wafanyakazi. Wazee wamekwisha. Una nyumba ya wazee isiyo na mzee hata mmoja, na Ijumaa kamati itakuuliza unasimamia nini, vitanda? Sisi hatutaki kukufikisha huko. Mpe Chapuchapu haki ya mgongo wake, nasi jioni hiyohiyo tutarudi kuwa wazee, kwa hiari, bila vurugu.

Hapo Bi Karani alitaka nimalize. Nikamwambia bado, kuna neno moja halina namba.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe unatuona wepesi kwa sababu hujawahi kutushika. Yule msichana anajua goti langu lipi linauma kabla sijafungua mdomo. Ananifuta miguuni kati ya vidole, mahali ambapo wanangu mwenyewe hawajui kama napo huchafuka. Akiwa na haraka ananitukana kidogo, nami namtukana, tunaanza siku. Tangu aumie anakuja huyu, kesho yule, wote wananishika kwa ncha za vidole kama sahani ya mgeni. Sasa mtu aliyetubeba sote mgongo wake umekatika, ndipo tumwambie ajibebe? Aibu hiyo, mwanangu, mimi siwezi kuoga ikatoka. Na mama yako naye hazidi kuwa kijana. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa hesabu ya dunia.

Nakusalimia wewe na mkeo, na huyo mama yako, kama goti linamuuma kama langu, mwambie asilifunge sana. Wasalimie wanakamati wote, hasa yule mnene. Mwambie ale vizuri lakini akumbuke kuna siku atanyanyuliwa. Msalimie mhasibu, anayejificha akiniona. Mpishi anakusalimia, mlinzi anakusalimia, Kamanda hakusalimii, anakuamuru. Mungu akuweke, akulainishie moyo, na akupe njia ya kushuka ngazi.

Ni mimi mama yako wa kitanda cha mlangoni, mfanyakazi wako.
(Dole gumba langu hili hapa chini, la kulia.)

Nyongeza: Barua ilipokwisha tulimpigia simu Chapuchapu, Bi Karani akamsomea yote, asikie nilivyompigania. Alicheka mpaka akalia "mgongo, mgongo!" Halafu akasema: "Bibi wee, ulisukuma wapi? Siku ile ulishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, unasema maji ni ya baridi, hatoki mtu hapo! Nilikuwa nakuvuta wewe, na kitanda kinakuja nyuma yako!" Nimekaa nikafikiri. Ni kweli, na maji yalikuwa ya baridi. Bi Karani amekataa kuandika upya, kasema mkono umekufa. Basi wewe mwenyewe futa lalamiko la tatu na yote yaliyozaliwa nalo, aproni usishone. Sikuwa upande wake, mwanangu. Watu wawili walikuwapo kweli, lakini walikuwa mimi na kitanda, tunavuta huku. Kule alikuwa yeye peke yake.