Lalamiko Dhidi ya Bi Subiri na Jiko la Sampuli

Kwa Mkurugenzi wa Maabara,

YAH: KUHAMISHWA KWA AFISA USALAMA

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni fundi wa darubini ya elektroni, chumba namba tatu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Sijawahi kulalamika, isipokuwa ile mara ya kiti. Leo yamenifika shingoni kwa sababu ya afisa usalama mpya, ambaye sisi mafundi tunamwita Bi Subiri.

Unalijua jiko letu la kupashia sampuli: kidude kama kizibo cha soda, kinaingizwa ndani ya darubini na kupanda hadi nyuzi mia tisa. Mama huyu analiogopa kama tanuri la matofali.

1. Haniruhusu kufungua darubini mpaka jiko lishuke hadi nyuzi hamsini. Nilimweleza kwa upole kuwa halitoi moshi wala si jekundu. Akasema mle ndani hamna hewa ya kulipoza, kwa hiyo joto linakaa tu. Basi dakika arobaini tunakodoleana macho.

2. Sampuli yangu ya udongo aliikataa, eti ina unyevu, ikipashwa itatoa mvuke uharibu mtambo. Udongo ule niliuchimba nyuma ya nyumba ya shemeji. Shemeji amenuna.

3. Amebandika karatasi mlangoni: JIKO LINA MOTO HATA KAMA HALISEMI. Mke wangu alipopata habari, akabandika kama hiyo jikoni kwetu. Mamlaka ya afisa huyu, Mheshimiwa, yanaishia wapi?

4. Kila asubuhi ananikagua glavu mbele ya watu kama mtoto wa chekechea. Tukimwachia, mwakani tutaomba kibali cha kupiga chafya.

Naomba ahamishiwe masjala.

Nisalimie wote ofisini, hasa katibu muhtasi na mzee wa getini.

Wako mtiifu,
Fundi, Chumba Namba Tatu

Tanbihi: Utaona mwandiko umenyooka kuanzia namba nne. Nilipomaliza namba tatu, Bi Subiri alikuwa ametoka kidogo, nikaona jiko limepoa, nikalitoa kwa mkono mtupu. Ni yeye aliyenishikilia vidole chini ya bomba dakika ishirini, akanifunga bendeji, kisha akauliza barua imefika wapi. Yaliyobaki nimemtajia, naye ameyaandika yote bila kupunguza neno. Mwishoni akasema tu, "Masjala kuna vumbi. Naomba nibaki."

Naunga mkono, huu uliobaki.