Picha Safi Kuliko ya Zebiniso

Jumatatu, 6 Oktoba

Hatimaye mtaa umenitambua. Mwenyekiti wetu, Mzee Haydarali, amepita jioni, akamaliza birika zima la chai ndipo akasema kilichomleta. Fainali ya mtaa ya mpira wa kompyuta ni Jumamosi, kwenye nyumba ya chai. Lazima irushwe mubashara, maana nusu ya vijana wetu wa mji huu wa Namangan wako Korea na Urusi kikazi, na wanataka kuona kwao. Kaka yangu Doniyor yuko Busan, hajatia mguu nyumbani tangu aondoke.

Tatizo: tunaofikiriwa ni wawili. Mimi, na Zebiniso wa ng'ambo ya ukuta, binti wa Mzee Ergash mwoka mikate. Mwenyekiti atatutazama kila mmoja akirusha michezo yake, Alhamisi aamue.

Sina wasiwasi. Kompyuta yangu mpya, inawaka taa za rangi. Ya Zebiniso ina kitufe kilichoshikwa na gundi ya karatasi. Nimefungua mipangilio ya video, nikapandisha ukubwa wa picha, kasi, fremu, vyote hadi mwisho. Namba ikiwepo, imewekwa itumike.

Jumanne, 7 Oktoba

Aibu. Nilikuwa nafunga bao la maisha yangu, picha ikaganda. Ikaganda nami nikiwa mdomo wazi, jicho moja limefumba. Sikujua! Nikaendelea kujisifu huku watazamaji wangu tisa wakiangalia meno yangu. Doniyor akaandika kutoka Busan kwamba nimetoka vizuri, niipeleke kwenye pasipoti.

Mkosaji nimempata: Mama, anayetazama tamthilia za Kituruki kwenye simu na kunyonya intaneti yote. Nimempiga marufuku. Akasema sawa, na jiko nalo limepigwa marufuku. Kabla ya saa ya chakula marufuku zote mbili zilikuwa zimeondolewa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimetazama matangazo ya Zebiniso kwa jina la bandia. Picha safi kama sahani iliyooshwa. Na kompyuta ile ya gundi! Kuna siri.

Nimemtuma bibi yangu, Bibi Kholida, akapeleleze, na sambusa za malenge mkononi kama kisingizio. Amekaa huko hadi nikaanza kumlilia. Amerudi na habari za harusi mbili na ugomvi mmoja. Nikamkumbusha kazi. Akasema hakukuwa na siri yoyote, binti kamweleza kila kitu huku akila sambusa: kwanza upime intaneti yako inaweza kupandisha kiasi gani, kisha utumie chini ya hapo, uache nafasi ya kupumua. Picha ya 720, fremu thelathini. Na kompyuta uiunge kwa waya, usitegemee hewa.

"Kwa kifupi amesema upunguze," Bibi akamalizia. "Hata mimi nimeelewa, na mimi hata kuiwasha sijui."

Mjanja sana huyu Zebiniso. Adui gani anakupa dawa bure? Akisema nipunguze, maana yake anaogopa nikipandisha. Na vyote viko juu kabisa tayari. Kilichobaki kupandishwa ni ruta yenyewe, kisanduku cha intaneti.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeipandisha ruta juu ya paa la banda la kuku. Nyuma yake nikasimamisha kifuniko cha sufuria kubwa ya pilau, kiwe kama dishi. Hesabu ilikuwa sahihi. Ambacho sikukihesabu ni jogoo.

Jogoo akapigana na sura yake kwenye kifuniko. Kifuniko kikaangukia huku. Ruta ikaangukia ng'ambo ya ukuta, ndani ya beseni la unga uliokandwa. Nikajificha nyuma ya kuni. Haikusaidia. Mzee Ergash akaja mlangoni na ruta yangu, ameipangusa vizuri, inanukia hamira.

"Bunyod, mwanangu," akasema kwa upole, "nimeisubiri kidogo. Hii haiumuki."

Mwenyekiti alikuwa nyuma yake, amekuja kutoa uamuzi. Akaushika ukuta kwa kucheka. Mashine atashika Zebiniso. Mimi nitashika maikrofoni, nitangaze. Nisiguse kingine.

Nimeteuliwa!

Jumamosi, 11 Oktoba

Nyumba ya chai imejaa hadi kwenye ngazi. Fainali: Tolqin mchinjaji dhidi ya Mohira muuguzi. Busan, Doniyor na wenzake wamebanana bwenini mbele ya skrini moja. Picha ya Zebiniso ikatiririka kama maji. Nami nikatangaza! Nikamwita Tolqin kisu, Mohira sindano. Watazamaji wakapita mia nne.

Dakika za mwisho, wako sare ya bao moja, Zebiniso akaitwa na babake mara moja. Nikabaki peke yangu na mipangilio. 720, jamani. Mbele ya watu mia nne! Nikapandisha kidogo tu, kwa heshima ya mtaa.

Ikaganda. Papo hapo Mohira akapata penalti.

Nusu ya mtaa iko ughaibuni, imetoa macho kwenye picha iliyokufa. Lakini sauti ilikuwa bado inakwenda. Basi nikaongea. Nikawaeleza vidole vya Mohira, jasho la Tolqin, Bibi yangu aliyeziba macho na kuchungulia katikati ya vidole, Mama aliyesahau birika hewani. Mohira akapiga. Nikapiga ukelele wa bao hadi sauti ikapasuka.

Zebiniso akarudi mbio, akanisukuma, akashusha namba. Picha ikarudi: Tolqin mwenyewe amembeba Mohira begani, anamzungusha uani.

Doniyor akapiga simu. Nyuma yake wanaume wazima wanaimba.

"Mdogo wangu, hatukuona kitu," akasema. "Lakini bao tumeliona. Na Mama tumemwona."

Jumapili, 12 Oktoba

Mtaa mzima unanipa mkono. Mzee Ergash ameleta mikate ya moto. Zebiniso kakubali turushe pamoja hata mashindano yajayo, ila kaniapisha mbele ya Bibi kwamba sitagusa mipangilio. Nimeapa. Sikusema mipangilio ipi.

Nimekaa nikatafakari kwa makini jana nilikosea wapi, maana mtu asiyejifunza ni hasara kwa wazazi. Jibu nimelipata. Nilipandisha kidogo tu. Mambo haya hayataki woga.